Del na Kengele ya Opal

Katika bonde lote la Kettle Fork hakuna mwanamke aliyepanda nyumbu wengi kuliko mimi. Nimepanda kumi na tisa. Kumi na wanane waliniangusha, na yule wa kumi na tisa alikuwa amefungwa kwenye mti.

Kwa hiyo nikiwaambia kwamba Delmar Skogen ni bingwa wa kupakia nyumbu, mjue anayesema ni mtu aliyeitazama kazi hii kwa makini, mara nyingi akiwa amelala chali.

Saa kumi na moja alfajiri, katikati ya Septemba, Del amesimama zizini pale njia ya mlimani inapoanzia. Taa za lori zinammulika miguuni. Ameshika makasha mawili ya mizigo, moja kila mkono. Anafumba macho, anayapandisha kidogo, anayashusha. Halafu anafungua kasha la kulia, anatoa kopo moja la maharage, analitia kwenye la kushoto, na kufumba macho tena.

"Mizani inaning'inia hapo," anasema Twila Haugen, mwenye kampuni ya kupeleka wawindaji mlimani, aliyesimama mbele yake.

"Hiyo ni ya watu wasio na mikono," Del anamjibu.

Mteja wa wiki hii, Daktari Kessler, daktari wa meno kutoka Ohio, haamini. Anayachukua makasha na kuyatundika kwenye mizani moja baada ya jingine. Ratili sabini na mbili. Ratili sabini na mbili.

"Kuna moja lina kijiko cha ziada," anasema Del. "Kitoe kama kinakukera."

Si mchezo. Nyumbu wa mizigo, mtoto wa punda dume na farasi jike, akibebeshwa upande mmoja mzito kuliko mwingine, baada ya saa mbili tandiko linaanza kuinama. Ikifika saa sita mchana mgongo umechubuka, na nyumbu ameshakuandika jina lako mahali. Farasi husamehe. Nyumbu hungoja mpaka upite nyuma yake.

Del ana miaka sabini na mbili, sawa na mimi. Tulisoma wote darasa la kwanza hadi la nane katika shule ya chumba kimoja, pale penye pampu ya mafuta sasa. Miaka yote minane alikaa dawati la nyuma yangu. Mwalimu akisoma imla, Del hakuwa na habari na mwalimu. Alikuwa anatazama kiwiko changu kinavyokwenda. Maksi zake zilikuwa maksi zangu, pamoja na makosa.

Alianza kupakia akiwa na miaka kumi na sita, kwa Gunnar Haugen, baba yake Twila. Huu ni msimu wake wa hamsini na sita. Amevunjika mbavu saba, mfupa wa bega mara mbili, na ana meno matatu ya mbele ambayo si yake. Analipwa dola mia mbili na kumi kwa siku, wiki kumi za msimu, na wakati wa baridi anashona matandiko ya watu.

"Wapo waliofanya kazi miaka hamsini wakatajirika," anasema huku akikaza kamba. "Mimi nimefika hamsini na sita. Nadhani nilipitiliza."

Nyumbu wake mwaka huu ni tisa. Siwezi kuwataja wote, lakini wawili mtawahitaji. Bi Harusi ni mweupe mweupe, anaogopa damu, karatasi na watu wanaopiga chafya. Wakili ni mweusi, mrefu, mwenye masikio kama majani ya mgomba, na hakuna jambo ambalo hajawahi kulipinga.

Mbele ya wote anakwenda Opal, farasi jike wa kijivu mwenye miaka ishirini na moja. Nyumbu humpenda farasi jike wa kijivu bila sababu ya maana, kama wanaume wengine ninaowafahamu. Aendako wanaenda. Akilala wanalala. Jioni kambini, mizigo ikishashushwa, Opal anavalishwa kengele shingoni, wanyama wanafungwa kamba fupi za miguu ya mbele ili wasikimbie, kisha wote wanaachiwa wakale majani. Asubuhi huhitaji kuwatafuta nyumbu tisa. Unasikiliza kengele moja.

Na kengele hiyo hafungi mtu yeyote tu. Katika milima yetu anayemvalisha farasi kengele ndiye mkuu wa msururu. Hakuna karatasi wala cheo. Ukifunga mkanda ule, wanyama ni wako, na wakipotea wamepotea kwako. Gunnar alimpa Del kengele mwaka alioumia mgongo, na toka siku hiyo hakuna mkono mwingine ulioigusa.

Mpaka mwaka huu.

Mwaka jana, wiki kama hii, Opal aliondoka kambini alfajiri na kurudi nyumbani, maili kumi na tisa, nyumbu wote nyuma yake. Alipita mita mia moja kutoka hema la Del, akiwa na kengele shingoni. Wawindaji wanne walibaki mlimani na nyama ya elki wawili, na elki, kwa asiyemjua, ni ndugu wa kulungu mwenye uzito wa farasi. Twila aliteremka kwa miguu kuwafuata wanyama. Robo ya nyama ilioza.

Del alisema ulimi wa kengele uliganda kwa baridi.

Siku hiyo palikuwa na joto la kuyeyusha siagi.

"Simchukii mzee," Twila aliniambia kabla hatujaondoka. Ana miaka arobaini na minne na amekulia miguuni pa Del. "Ndiye aliyenifundisha kufunga fundo. Lakini Bibi Verna, nikiwa na watu juu kule, lazima niwe na mtu anayejua wanyama wako wapi kila asubuhi. Siwezi kulala kwa imani. Safari hii ndiyo ya kuamua. Kama hasikii, ataendesha lori la nyasi."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Alinijibu kwamba hataki chai."

Kuhusu masikio ya Del, nilimwendea mkewe, Irma, ambaye wameoana miaka arobaini na minane. Nilimkuta anakamua matofaa.

"Hana shida yoyote," Irma alisema. "Ukitaka kumwambia jambo, simama mbele ya dirisha. Ukitaka asilijue, simama popote pengine. Miaka kumi hii nimekuwa nikisema chochote ninachotaka ndani ya nyumba yangu. Usiniharibie."

Wapigaji bunduki ndio waliomfikisha hapo. Misimu hamsini na sita, na kila msimu watu wanafyatua juu ya bega lake. Mwaka wa tisini na nne mteja mmoja alifyatua futi mbili kutoka sikio la kushoto. Alimkosa elki, na nashukuru alimkosa na Del.

Mwenyewe hakubali. "Nasikia vizuri," ananiambia. "Tatizo siku hizi watu wanaongea ndani ya mashati yao."

Lori la nyasi kwake si lori. Rafiki yake Arlo Beem, waliyepakia naye miaka thelathini, aliteremshwa mlimani kwa sababu ya magoti. Akapewa kiti kizuri mbele ya televisheni. "Alikaa humo mpaka kiti kikawa na umbo lake," anasema Del. "Nilipokwenda kumwona sikujua nisalimie kipi."

Tulipanda kwa saa tisa. Del mbele juu ya Opal, nyumbu nyuma, kila mmoja amefungwa kwenye tandiko la aliyemtangulia kwa kamba nyembamba kuliko unavyotarajia. Daktari aliuliza kwa nini kamba iwe nyembamba hivyo, pembeni ya korongo lile. Twila akamweleza kwamba mmoja akiteleza, kamba ikatike, aende peke yake.

"Na mimi nimefungwa kwa kamba gani?" daktari akauliza.

"Wewe umeshalipa," akasema Twila. "Tutakutafuta."

Jioni kambini, kando ya kijito, mizigo ilishushwa. Del akamvua Opal tandiko, akampangusa mgongo kwa gunia, akanyoosha mkono kwenye msumari ambapo kengele hutundikwa. Haikuwepo. Twila alikuwa ameshaichukua. Alipita mbele yetu sote, akainama, akamfunga Opal mkanda shingoni mwenyewe.

Del alinyanyua ukwato wa nyumbu wa karibu akauchunguza kwa muda mrefu sana. Ukwato haukuwa na kitu.

Kisha akafanya jambo ambalo zamani hakulifanya. Badala ya kumwachia Wakili aende na wenzake, alimfunga kwenye mti, hatua kumi kutoka mlango wa hema la kupikia. Akamletea majani, akamletea maji.

"Kwa nini huyo anabaki?" Twila akauliza.

"Mguu."

"Mguu gani?"

"Mmojawapo."

Nilimtazama Wakili akitembea. Angeweza kushinda mbio.

Asubuhi ya kwanza, saa kumi na mbili, Twila alimimina kahawa akasimama mbele ya Del. "Haya, Mzee Del. Wako wapi?"

Del alikunywa kahawa. Akatazama nje, akatafakari kama askofu. "Wamevuka kijito. Wako kwenye majani marefu, upande wa jua."

Walikuwa upande wa jua. Asubuhi ya pili alisema wako nyuma ya kambi, na walikuwa nyuma ya kambi. Kengele ilikuwa inasikika, hata mimi niliisikia asubuhi ile, kwa hiyo Twila hakuweza kujua lolote. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigiwa hesabu sahihi na mtoto anayeshukiwa kuibia majibu.

Del alianza kuchangamka. Alimwita Twila bosi.

"Bosi, ukitaka nikusikilizie na hali ya hewa, sema."

Siku ya tatu daktari aliua elki. Twila alikuwa amemwongoza kwenye misonobari tangu giza, na saa tatu asubuhi tulisikia mlio mmoja, halafu ukimya mzuri, ule wa mtu asiyehitaji risasi ya pili. Del akachukua nyumbu watatu, akamchukua na Wakili mwenye mguu mbaya, nami nikafuata kwa sababu gazeti ninaloliandikia linanilipa kwa neno.

Dume lilikuwa limeangukia kwenye mteremko, pembe zenye ncha sita kila upande. Twila alishalikata robo nne, nyama imetundikwa kwenye kivuli ipoe. Bi Harusi alipoinusa alikaa chini kama mbwa.

Wengine wangempiga. Del alivua koti lake, akamfunika macho, akampaka damu kidogo puani kwa kidole gumba. "Haya, mama, sasa dunia nzima inanuka hivyo," akamwambia. "Huna tena cha kulinganisha." Akasimama naye, paji la uso kwa paji la uso, labda dakika tano. Kisha akampakia robo mbili za nyuma, akapima kwa mikono, akahamisha ini kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na Bi Harusi akatembea kama anakwenda sokoni.

Ndipo elki mwingine alipoita, mbali, ile sauti yao ya filimbi inayopanda na kukatika.

Daktari alishika bunduki. "Mmesikia? Ametokea wapi?"

Del alikuwa amempa mgongo. Hakutikisika. Lakini Wakili aligeuza masikio yote mawili upande wa kaskazini, na Del, ambaye alikuwa anamtazama Wakili, akanyoosha mkono kaskazini.

"Kule," akasema. "Juu ya maporomoko. Mzee huyo, ana mafua."

"Ajabu!" akasema daktari. "Umri ule!"

Nami nikakumbuka kiwiko changu.

Usiku na mchana nyumbu aliyefungwa huwa anawaza jambo moja tu, farasi jike yuko wapi. Hawezi kumfuata, kwa hiyo anamfuata kwa masikio, hadi mlio wa kwato zake. Opal akihama hatua hamsini, masikio ya Wakili yanahama. Del hakuwa anasikiliza kengele. Alikuwa anamsoma anayeisikiliza.

Jioni nilimkuta peke yake akipaka mafuta ngozi za matandiko. Nikasimama mahali anapoweza kuuona mdomo wangu.

"Mguu wa Wakili haujambo?"

Alinitazama. Tumefahamiana miaka sitini na sita.

"Verna," akasema, "ulikuwa unakosea sana kugawanya. Nilipata alama arobaini kwa sababu yako na sikukusema kwa mtu."

"Nami sisemi. Lakini mwambie mwenyewe."

"Nimwambie nini? Kwamba mpakiaji wake mkuu ni nyumbu?" Akaendelea kupaka. "Nina farasi nyumbani, jike, kijivu, miaka minne. Lulu. Umemwona. Opal amechoka, goti la kulia linalia asubuhi. Twila atahitaji farasi mwingine wa kengele, na farasi wa kengele hanunuliwi dukani. Lazima atembee nyuma ya Opal, nyumbu wamzoee, wamgombanie. Misimu mitatu. Anipe misimu mitatu tu, nimwachie msururu unaokwenda wenyewe. Halafu hilo lori nitaliendesha hadi Ohio nikang'olewe meno yaliyobaki."

"Basi mwambie hivyo."

"Nikimwambia sisikii, hatasikia mengine."

Hilo nililiandika vilevile kwenye daftari langu.

Jioni ya mwisho Twila alimchukua Opal kumpeleka malishoni kupitia nyuma ya misonobari, kengele mkononi, kama kila siku. Mimi nilikuwa namenya viazi. Del alikuwa anamsikiliza daktari akieleza mambo ya fizi, yaani alikuwa anatikisa kichwa.

Asubuhi tuliamkia ukungu. Si ukungu wa picha za kadi. Ulikuwa kama mtu amemwaga uji juu ya kambi. Kutoka mlango wa hema uliweza kumwona Wakili, nusu ya mti wake, na basi.

Del alikaa mahali pake, ameelekea mlangoni, miguu karibu na jiko. Twila alikuwa amevaa koti lake nene, mkono wa kulia mfukoni. Alimimina kahawa kwa kushoto.

"Mzee Del, wako wapi leo?"

Del alikunywa. Nje Wakili alisimamisha masikio, akayapeleka juu, upande wa kushoto, akayaacha huko.

"Leo wamepanda," Del akasema. "Wako kule kwenye miti iliyoungua. Juu ya mwamba, kushoto."

"Huko hawajawahi kwenda."

"Hata mimi nimewashangaa."

"Umejuaje?"

"Kengele, mtoto. Mungu kanipa masikio, na bila shaka alikuwa na sababu zake."

Twila alichutama mbele yake. Alikuwa anasema polepole. "Unaisikia sasa hivi? Hapo ulipokaa?"

"Wazi kabisa. Kengele ya baba yako hiyo. Ningeisikia hata kaburini."

"Mimi sisikii kitu," akasema daktari.

"Wewe umeharibiwa na ile mashine yako ya kutobolea watu," Del akamwambia. "Pole sana. Hutokea."

Twila akanigeukia. "Na wewe, Bibi Verna?"

Sikuwa nasikia chochote ila mvuke wa birika. Lakini nina miaka sabini na mbili, na mambo mengi yanayolia siku hizi siyasikii. Tena sikutaka mtu aliyekaa nyuma yangu miaka minane aaibike peke yake.

"Naisikia," nikasema. "Kwa mbali. Tamu."

"Haya," akasema Twila. "Twendeni."

Tulipanda wote wanne. Del alimshika Wakili kwa kamba, au Wakili alimshika Del. Twila alifuata nyuma yao hatua mbili, na nilimwona anavyotazama. Njia ilipogawanyika Del hakutega sikio wala hakugeuza kichwa. Alisimama akamtazama nyumbu wake. Masikio yalikwenda kushoto, Del akaenda kushoto. Penye magogo yalikwenda kulia, tukaenda kulia. Twila hakuondoa mkono mfukoni hata pale palipokuwa na utelezi, akaanguka kwa goti, akainuka bila kuutoa.

"Ni mbali kuliko mnavyoisikia," daktari akahema.

"Sauti ya kengele hutembea," akasema Del, aliyekuwa amegeuka kumtazama. "Sisi ndio wazito."

Tulifika kwenye miti iliyoungua baada ya nusu saa. Vigogo vyeusi vilisimama ndani ya ukungu kila upande. Wakili akatoa ule mlio wao, nusu wa punda na nusu wa mlango mbovu, na mbele yetu mlio mwingine ukamjibu. Upepo kidogo ukapita. Kwanza nikaona matako ya Bi Harusi. Halafu mwingine, halafu wawili wamelala. Del alikuwa anahesabu kwa kidole. Nane, na Wakili tisa, hakuna aliyekosekana, hakuna kamba iliyokatika.

"Bosi," akasema, na sauti yake ilikuwa pana kama mlango wa ghala, "nadhani hawa ni wako."

Twila alitembea katikati ya nyumbu mpaka walipojigawa, na pale katikati alisimama Opal, akitafuna, akitutazama kama watu waliochelewa.

Shingo yake ilikuwa tupu.

Twila akatoa mkono mfukoni. Kengele ilikuwa ndani ya kiganja, ulimi wake umeshikwa kwa kidole. Akakiondoa kidole. Ikalia mara moja, na nyumbu wote tisa wakageuza masikio.

"Imelala na mimi," akasema Twila. "Toka jana jioni."

Daktari alianza kucheka, kisha akaona nyuso zetu akaacha. Mimi niligundua kwamba kamba ya kiatu changu inahitaji kufungwa.

"Kwa mbali," Twila akaniambia mimi. "Tamu."

Sikuinua kichwa.

Kisha akamgeukia Del. Alisimama vizuri mbele yake, ambapo angeweza kumwona mdomo. "Mzee Del. Ulisikia nini?"

Del alimtazama Wakili, kama kwamba huyo angeweza kumsemea. Wakili alikuwa ameelekeza masikio yote mawili kwa Opal na hakuwa na habari naye. Ukungu ulikuwa unapanda. Nyumbu mmoja alijikung'uta, kamba zake zikagonga.

Twila alitazama masikio ya Wakili, akamtazama Opal, akatazama tena masikio.

"Msimu wote huu?" akauliza.

"Toka mwaka jana," akasema Del. "Toka ile siku."

"Na mwakani Wakili akifa?"

"Nimeanza kumfundisha Bi Harusi. Bado anasikiliza chafya tu."

Twila alifuta pua kwa mkono wa koti. Kisha akamnyooshea kengele, mkanda ukining'inia.

"Mfunge wewe," akasema. "Mwakani uje na Lulu. Irma alishaniambia."

Del aliipokea. Mkanda ule anaujua hata gizani. Akauzungusha shingoni mwa Opal, akaupitisha kwenye pete, akaingiza vidole viwili chini yake kuona kama haubani. Opal akatikisa kichwa, na kengele ikalia mlima mzima.

Del akasogea nyuma, akamtazama, akakuna sikio la kushoto.

"Nilikuwa najiuliza," akasema, "mbona leo inalia chini chini."